Maji Ukiyavulia Nguo, Si Lazima Uyaoge: Namna ya Kulisoma Ziwa la Mlimani

Kwenye ramani ya milima maziwa yote yanafanana: madoa ya buluu, mengine mapana, mengine madogo kama punje. Mtu aliyepanda tangu alfajiri, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akiyaona huwaza jambo moja tu: kuvua viatu na kujitosa. Ila maziwa mawili yaliyoachana kwa mwendo wa saa moja yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja lina nyuzi 20 za sentigredi, na utaogelea hadi uchoke mwenyewe. Jingine lina nyuzi 7, na mtu mzima mwenye afya, anayejua kuogelea vizuri, anaweza kufia humo kabla hajamaliza dakika tatu, hatua chache kutoka ukingoni. Ukisimama juu ya jiwe ukayatazama, yote mawili yanametameta vilevile.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Katika mambo mengi ya maisha methali hiyo ni ya kweli. Ukifika kwenye ziwa la mlimani, nakuomba uiweke kando. Uhuru wa kuvaa tena nguo zako, ukanawa uso na kuendelea na safari, ubaki nao hadi dakika ya mwisho. Na ili uutumie uhuru huo kwa akili, inabidi ujue maji yale yamefikaje pale, yamelala vipi, na yanakutaka nini.

Ziwa moja, tabaka mbili

Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4 hivi. Yakipata joto zaidi ya hapo hupungua uzito na kuelea juu ya yale ya baridi. Kwa hiyo jua linapolipiga ziwa siku baada ya siku, maji ya juu huota joto na kubaki juu, na yale ya chini hukaa gizani na baridi yake kana kwamba hakuna jua duniani. Kati ya tabaka hizo mbili pana ukanda mwembamba ambamo joto hushuka kwa kasi. Unaweza kuupita kwa mwili wako bila kifaa chochote. Niliwahi kusimama wima majini katika ziwa moja lenye kina, kichwa nje, mikono ikipapasa polepole. Kuanzia kifuani hadi mapajani maji yalikuwa vuguvugu, ya kupendeza. Miguuni, kuanzia magotini, ilikuwa kama kuvaa soksi zilizolowekwa kwenye barafu. Nilipolala kifudifudi nikaogelea kwa kunyooka, baridi ile ilitoweka yote.

Hapo ndipo lilipo kosa la kurukia ziwa kutoka mwambani. Mkono ulioutia majini kupima ulipima sentimita 30 za juu. Mwili unaorushwa kutoka juu hupasua tabaka ya joto na kufika chini yake, mahali ambapo mkono wako haukufika.

Tabaka hizi zina kumbukumbu ndefu kuliko tunavyodhani. Katika ziwa Nyos nchini Kameruni, ziwa lililo ndani ya kreta (shimo la volkano) ambalo maji yake ya chini hayakuwa yakichanganyika na ya juu, gesi ya kabonidayoksaidi kutoka ardhini ilijikusanya kilindini kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ilifumuka ghafla, ikatiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Tangu 2001 mabomba yamewekwa pale kuitoa gesi kidogo kidogo. Maziwa ya namna hiyo ni machache mno duniani, na silitaji kukutisha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba uso tulivu wa ziwa hausemi chochote kuhusu yaliyo chini yake.

Upepo, chanzo na saa

Kitu ambacho wasafiri wengi hawakijui ni kazi ya upepo. Upepo ukivuma kwa saa kadhaa kuelekea upande mmoja, huyasukuma maji ya juu, yale ya joto, hadi ufuo wa mbele. Upande ulikotoka upepo lazima maji mengine yajaze nafasi hiyo, na yanayopanda kuijaza ni ya kilindini. Ziwa Tanganyika hufanya hivyo kwa ukubwa wa kutisha: kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na katika ncha ya kusini maji baridi ya chini hupanda. Kijiziwa cha mlimani hufanya jambo lilelile kwa mchana mmoja. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuogelea siku moja katika ziwa moja, mmoja akasema yalikuwa mazuri, mwingine akasema hayaingiliki, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Utajuaje ufuo wenye maji ya joto? Tazama majani makavu, chavua na povu. Vitu vinavyoelea huenda upepo uendako, navyo hukusanyika upande ule ule wa maji ya joto. Ila kumbuka kwamba uchafu hukusanyika hapohapo pia, na nitalirudia jambo hili tukifika kwenye mwani.

Kisha uliza maji yametoka wapi. Rangi inajibu nusu ya swali. Ziwa la buluu ya maziwa, ile rangi iliyolipatia sifa Lake Louise la Kanada, limejaa unga laini wa mawe uliosagwa na barafu inayosogea mlimani. Unga huo ndio unaotawanya mwanga na kuleta rangi inayowavutia wapiga picha. Maana yake kwa muogeleaji ni moja: barafu iko karibu, na maji haya yameyeyuka juzijuzi. Ziwa la rangi ya kahawia iliyokolea, kama majani yaliyochemshwa, limepita kwenye udongo wenye mimea iliyooza; uso wake hunywa jua na kupata joto haraka, ila joto hilo haliendi chini, na huwezi kuona jiwe lililo nusu mita chini ya mguu wako.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno. Kwa wastani hewa hupungua joto kwa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na maziwa hufuata mkondo huohuo. Katika ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu mmoja kutoka usawa wa bahari, tazama mistari inavyoukaribia ukingo wa ziwa. Ikibanana hadi majini, ujue mteremko haukomi ukingoni. Unaendelea chini ya maji kwa ukali uleule, na hatua ya tatu haina pa kukanyaga. Mistari ikiachana, upande huo una uwezekano mkubwa wa kuwa na maji mafupi yanayopata joto mapema. Picha za setilaiti husaidia: maji mafupi huonekana meupe-meupe, ya kina huonekana meusi.

Kuhusu saa, maji ni mzito wa kubadilika. Kilo moja ya maji inahitaji joto mara nne ya kilo moja ya hewa ili ipande nyuzi moja. Basi ziwa huchelewa nyuma ya hewa, kwa siku na kwa majira. Alasiri, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, uso wake huwa na joto kuliko asubuhi. Na katika nchi zenye majira ya baridi kali, ziwa hufikia kilele cha joto lake mwishoni mwa kiangazi, wakati hewa imeanza kupoa. Siku za kuogopwa zaidi ni zile za mwanzo za jua kali: hewa ina nyuzi 28, watu wamefurahi, wamevua mashati, na ziwa bado liko katika majira ya baridi.

Baridi inauaje?

Watu wengi hudhani kwamba maji ya baridi huua kwa kuupoza mwili polepole hadi unazimika. Hiyo hutokea, lakini huchukua muda. Wengi hufa kabla ya hapo, na sababu ni pumzi.

Ngozi inapopoa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila kuuliza ruhusa yako. Kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Kisha hufuata kuhema kwa kasi usikoweza kukuzuia, na moyo kudunda kwa nguvu huku mishipa ya damu ya ngozi ikijifunga na shinikizo la damu likipanda. Mtafiti Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ametumia miaka mingi kuuchunguza mshtuko huu. Huwa mkali hasa maji yakiwa chini ya nyuzi 15, na hutulia baada ya dakika moja hadi tatu. Kuna jambo jingine ambalo yeye na wenzake wamelieleza: ngozi iliyopoa inauamuru moyo uende mbio, ilhali uso uliozama pamoja na pumzi iliyozuiwa vinauamuru upunguze mwendo. Amri mbili zikigongana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua. Kwa sababu hiyo, kuruka kwa kutanguliza kichwa katika maji ya baridi ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuyaingia.

Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, huifundisha hali hii kwa namba tatu: 1, 10, 1. Katika maji ya baridi kali una dakika 1 ya kuirudisha pumzi yako, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa ubaridi. Namba ya katikati ndiyo ninayotaka uishike. Vidole hugoma kabla ya akili. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa kichwani, anauona mwamba mbele yake, na asiweze kuushika.

Na joto ulilolipata njiani halikulindi. Ngozi iliyochemka inaporomoka kutoka juu zaidi, basi anguko lake ni refu zaidi. Keti kwanza. Kunywa maji, ngoja moyo utulie. Ingia kwa miguu, ukijimwagia maji mikononi, kifuani na usoni. Maji yakifika kiunoni simama, toa pumzi ndefu mara kadhaa, na usisogee hadi kuhema kuwe kwako tena. Kuhema kukikataa kutulia, toka. Umeshapoa, na hakuna aliyeshindwa. Ukianguka bila kutarajia, usipigane na maji. Lala chali, masikio yaingie majini, mdomo uelekee juu, papasa taratibu kwa mikono. Shirika la waokoaji la RNLI la Uingereza limelifanya fundisho hili kuwa wito wake mkuu kwa umma, kwa sababu mshtuko hupita wakati huohuo unapoelea.

Ukishaingia, ogelea sambamba na ukingo. Wazo la kuvuka ziwa hadi ng'ambo huwajia watu pale wanapojisikia vizuri, yaani mwanzoni mwa zile dakika kumi.

Ukitoka bado hujamaliza. Damu iliyokuwa imefungiwa ndani huanza kurudi kwenye miguu na mikono iliyopoa, na joto la ndani linaweza kuendelea kushuka kwa dakika nyingine nyingi. Ndiyo sababu mtu hutoka akicheka na baada ya robo saa meno yanagongana. Vaa kwanza, piga picha baadaye, na usiianze njia nyembamba yenye bonde pembeni huku magoti yakitetemeka.

Maji yenye wenyewe

Katika maziwa mengi ya nchi za joto, adui hana hata uzito wa unywele. Kichocho husababishwa na minyoo ambayo Theodor Bilharz aliigundua mjini Cairo mwaka 1851. Konokono wa maji yasiyo na chumvi huwaachia vimelea wadogo wasioonekana, nao hutoboa ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Wanapenda maji yaliyotulia, ya vuguvugu, yenye matete na majani. Na konokono huwaachia zaidi kwenye mwanga, karibu na saa za mchana, saa zilezile ambazo msafiri anaungua na jua. Ziwa Viktoria, Tanganyika na Malawi, yote yana kichocho. Maji baridi sana ya juu milimani hayawafai konokono hao, kwa hiyo hapa mambo yanageuka: maji yanayopendeza ngozi ndiyo yenye hatari hii, na yale yanayoumiza hayana. Kujifuta kwa taulo upesi si kinga ya kutegemewa. Ukiwa umeoga mahali pa kutiliwa shaka, pima baada ya wiki kadhaa, hata kama hujisikii chochote. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Sasa mwani. Baada ya siku nyingi za jua bila upepo mkali, bakteria wa kijani-buluu huweza kuzaliana hadi maji yaonekane kama yamemwagiwa rangi ya ukuta. Baadhi hutoa sumu inayodhuru ini au neva, na mbwa wanaoyanywa hufa. Kuyachemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Chukua kijiti, kitie katika ule ukijani na ukiinue. Ukining'inia kama nywele ndefu, huo kwa kawaida ni mwani wa nyuzi. Kijiti kikitoka kimepakwa rangi, usiingie, na usimruhusu mtoto achezee ukingoni. Na kumbuka ule ufuo wa joto ambako upepo hulimbikiza kila kinachoelea: tando hili nalo hulimbikizwa hapo.

Je, si kuna watu wanaopima maji? Wapo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2006, hupima bakteria wa kinyesi katika sehemu rasmi za kuogea na kuzipa madaraja manne, kutoka bora kabisa hadi duni. Lakini kijiziwa kilicho juu ya njia ya miguu mara nyingi hakimo katika orodha kama hizo. Ruhusa nayo hutofautiana: sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kufika kwenye maji ya bara akijiheshimu, ilhali mabwawa ya maji ya kunywa hukatazwa katika nchi nyingi. Katazo hilo la mabwawa naliunga mkono kwa moyo wote. Kuta zake ni wima na zinateleza, na mabomba ya kutolea maji huvuta kutoka chini bila alama yoyote juu.

Maporomoko yanastahili neno moja. Maji meupe yenye povu yamejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu vizuri. Oga kwenye kidimbwi cha chini kilichotulia, siyo palipo na povu. Mto ukibadilika rangi, ukaanza kuleta majani na vijiti, au mlio wake ukawa mzito, mvua imenyesha huko juu hata kama kwako jua linawaka. Toka na upande juu, viatu vikibaki vibaki.

Kupoa bila kuogelea

Mara nyingi mwili hauhitaji kuzama. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli zipatazo 2,400, kiasi cha kuushusha mwili kwa nyuzi kadhaa. Shati lililoloweshwa kijitoni hufanya kazi hiyohiyo bila kukunyang'anya maji ya mwili. Katika hewa kavu yenye upepo ni tiba kubwa. Katika unyevunyevu wa msitu, ambako hakuna kinachokauka, linasaidia kidogo tu.

Pale shati linaposhindwa, tumia viganja na nyayo. Chini ya ngozi yake kuna njia za mkato za damu, pana, zilizoumbwa kwa ajili ya kutoa joto. Zima moto katika nchi mbalimbali hupumzika kati ya zamu wakiwa wametia mikono hadi viwikoni kwenye maji baridi. Keti kivulini kando ya kijito, mikono na miguu ndani, dakika 15 au 20. Kitambaa cha maji shingoni ni raha tupu, nami huvaa kila mara, ila raha yake hutangulia kupoa kwenyewe: unajisikia vizuri huku ndani bado kunachemka, basi usikifanye kibali cha kuongeza mwendo.

Kuna hali moja ambayo maji baridi huacha kuwa starehe na kuwa tiba ya haraka. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu baada ya mwendo mkali kwenye joto, huenda joto lake la ndani limepita nyuzi 40. Usimngoje aache kutoka jasho. Wengi hupigwa na joto huku bado wanalowa. Mpoze hapohapo kabla ya kumbeba. Katika mbio za Falmouth huko Massachusetts, Marekani, wakimbiaji 274 waliopigwa na joto katika kipindi cha miaka 18 walitumbukizwa kwenye mabeseni ya maji ya barafu papo hapo, na wote walipona. Ziwani, mlaze kwenye maji mafupi, mtu mmoja amshike makwapani kichwa kikiwa juu muda wote, mwingine aombe msaada. Pasipo na maji ya kutosha, mmwagieni mfululizo na kumpepea.

Kabla ya kuingia popote, krimu ya jua na dawa ya mbu zifute au zioshe mbali. Sabuni vivyo hivyo, hata ile inayosemwa kuwa ni ya asili: hatua 70 kutoka ukingoni, maji yake yamwagike kwenye udongo. Kijiziwa kidogo hakina mto mkubwa wa kukisafisha.

Mimi hubeba kipimajoto kidogo kilichofungwa kwenye kamba ya mita tatu. Alasiri moja tulifika kwenye ziwa lenye mwamba mweusi upande mmoja, upepo ukituvumia mgongoni tangu asubuhi. Nilikishusha hapo tulipokuwa: nyuzi 12. Wenzangu walikuwa wameshavua viatu. Niliwaonyesha majani makavu yakielea kwenda mbali nasi, tukavaa tena na kuzunguka kwa dakika 20 hadi ufuo wa pili, mahali ambapo kijito hutoka ziwani kuteremka bondeni. Changarawe, maji ya magotini, majani yote ya ziwa yamepangana ukingoni, kijiti kikatoka kisafi. Nikashusha kamba tena: 17. Mmoja wetu aliingia hadi kiunoni, akasimama akihesabu pumzi kwa sauti, akageuka na kusema bado ni baridi mno kwake. Akatoka, akaketi juu ya jiwe miguu ikiwa majini, akatushikia taulo.